Boti Nyembamba Inapogoma: Hitilafu za Mwisho wa Majira ya Joto kwenye Mifereji ya Uingereza

Kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, matatizo yanayowapata wenye boti nyembamba (boti ndefu za mferejini zenye upana wa mita mbili hivi) na wanaozikodi kwenye mifereji ya Uingereza hujirudia, na mengi chanzo chake ni maji yenyewe. Mabwawa yanayolisha mifereji yamepungua, magugu yamekomaa, majani yameanza kudondoka, na usiku umeanza kuwa na baridi ya kutosha mtu kutamani moto ndani. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu injini, angalia rafadha, yaani panga linalozunguka majini na kusukuma boti, na kina cha maji. Watu huagiza fundi kutoka mbali, naye akifika anatoa mfuko wa plastiki kwenye rafadha.

Ukisafiri kipindi hiki uwe na glavu nene, kisu cha meno cha kukatia mkate, koleo la kukatia waya, msumeno wa chuma, tochi, spana, mita ya volti, lita 2 za kulanti (maji ya kupozea injini), lita 1 ya oili na fanibelti ya akiba inayolingana na injini yako. Tena ujue ulipo. Kila daraja na kila loki (chumba chenye milango cha kupandisha na kushusha boti) ina namba yake kwenye kibao, na swali la kwanza la fundi au la Canal & River Trust, shirika linaloendesha sehemu kubwa ya mifereji hii tangu 2012, litakuwa: mfereji gani, na daraja namba ngapi?

Kama boti ni ya kukodi, usifungue kitu chochote cha injini zaidi ya ukaguzi wa kila siku kabla ya kuwapigia wenyewe.

## Injini inanguruma lakini boti haiendi

Dalili zake huja pamoja: mwendo unapungua ingawa umeongeza moto (mwendo wa injini), kana, yaani mkono wa usukani, inatetemeka mkononi, maji nyuma yanavurugika bila boti kusonga, na mara nyingi moshi mweusi unatoka kwenye ekzosi.

Chanzo kikubwa ni rafadha kunasa kitu. Ikiwa ni majani au magugu laini, rudisha mkono wa gia nyutro, subiri injini itulie, kisha tia rivasi kwa nguvu sekunde 3 hadi 5. Mara nyingi rafadha inajivua, na unaona majani yakiibuka nyuma. Wakati wa majani mengi utafanya hivi mara kadhaa kwa saa, na hilo ni la kawaida.

Ikishindikana, ingia ukingoni, funga kamba omo (mbele) na tezi (nyuma), kisha fungua kidirisha cha rafadha, yaani kisanduku cha chuma kilicho juu ya rafadha, chini ya sakafu ya nyuma.

1. Zima injini, toa ufunguo, uutie mfukoni mwako mwenyewe. Usimwachie mtu mwingine, hata mtoto wako.
2. Legeza skrubu au komeo la kifuniko, kitoe, kiweke mahali kisipoweza kutumbukia.
3. Vaa glavu. Ingiza mkono polepole upapase kabla ya kuvuta. Kwenye mifereji ya mijini, hasa karibu na Birmingham, hutoka nguo, vipande vya zulia, kamba, nyaya na hata springi za godoro.
4. Kata kwa kufuata shafti, chuma kinachozungusha rafadha, kipande kwa kipande. Kamba ya nailoni na mshipi wa kuvulia huyeyuka kwa msuguano na kuganda kama pete ngumu kati ya rafadha na mwili wa boti. Pete hiyo haikatiki kwa kisu. Tumia msumeno wa chuma, pole pole, bila kuikwaruza shafti.
5. Ulichokitoa kipakie botini hadi kwenye pipa la taka. Ukikirudisha majini kitamnasa anayekufuata.
6. Rudisha kifuniko, hakikisha raba yake imekaa sawasawa, kaza hadi mwisho. Washa injini, tia gia taratibu, na umulike kwa tochi dakika nzima kuona kama maji yanapenya.

Kupuuza hatua ya sita ndiko kunakozamisha boti. Rafadha ikizunguka chini ya kifuniko kilicholegea husukuma maji ndani ya chumba cha injini kwa kasi ambayo pampu haiwezi kuimudu. Baada ya kazi osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, na funika kila mchubuko: maji ya mfereji yanaweza kubeba leptospirosisi kutokana na mkojo wa panya. Homa na maumivu ya misuli yakikuanza siku au wiki chache baadaye, mwambie daktari ulikuwa mferejini.

Rafadha ikiwa safi na boti bado haiendi, mwangalie mwenzako akisogeza mkono wa gia huku injini imezimwa. Kama waya wake haivuti kitu kwenye gia boksi, umekatika au umechomoka. Kama shafti inazunguka bila boti kusukumwa, rafadha imelegea au imetoka. Hapo piga simu, na hivyo hivyo ukikuta springi za godoro zimejizungusha kiasi cha kuisogeza shafti.

## Boti imepwelewa

Sehemu ya boti ya kukodi iliyo chini ya maji ni takriban sentimita 60, na kuna mifereji ambayo katikati yake haina zaidi ya mita moja mwisho wa ukame. Mwaka 2022 na mwaka 2025 sehemu za mfereji wa Leeds na Liverpool zilifungwa kabisa kwa kukosa maji, kwa hiyo soma matangazo ya Trust kila jioni kabla ya kupanga safari ya kesho.

Umekwama ukiwa safarini? Usiongeze moto kwenda mbele. Utaipandisha boti zaidi kwenye tope. Tia rivasi ya wastani urudi ulikotoka, kwa sababu huko unajua kuna kina. Ikigoma, waambie abiria wote wahamie upande wenye maji marefu, kisha msukume kwa upondo (mti mrefu wa kusukumia boti) dhidi ya chini au ukingo. Ushike upondo pembeni mwa mwili, usiuweke mbele ya tumbo: boti ya tani 15 ikisogea ghafla, ncha yake inaweza kukuumiza vibaya.

Umeamka asubuhi na kikombe kinateleza mezani? Maji yameshuka usiku. Legeza kamba kwanza, kwa sababu kamba iliyokazika huizuia boti isishuke sawa na inaweza kuilaza ubavu. Angalia ukuta wa ukingo: ukanda mbichi wenye utelezi juu ya maji unakuonyesha yameshuka kiasi gani. Tembea hadi loki ya juu na ya chini uone kama kuna kilango (kijilango cha kupitishia maji ya loki) kilichoachwa wazi, ukifunge. Usiteremshe maji kutoka juu kujaza sehemu yako kabla ya kuongea na Trust (0303 040 4040), maana unaweza kuwakausha walio juu yako na bado usielee. Msaada wa kuvutwa na boti nyingine tumia kwa mwendo mdogo tu, kamba ikifungwa kwenye nguzo madhubuti, na watu wote wakae mbali na mstari wa kamba.

## Boti haifuati usukani

Karibu kila mara ni mwendo. Ukomo ni maili 4 kwa saa, kama kilomita 6.4, lakini kwenye maji mafupi hata huo ni mwingi. Boti inanyonya maji chini yake, tezi inazama, omo inatangatanga. Ukiona wimbi linavunjika ukingoni nyuma yako, punguza moto. Utashangaa boti ikitii zaidi, na wakati mwingine ikienda kasi ile ile.

Usukani hufanya kazi maji ya rafadha yanapopita juu yake. Mgeni anayepunguza moto hadi nyutro kwenye kona hupoteza usukani papo hapo. Na ukikaribia loki kutoka chini, tazama mkondo wa pembeni unaomwaga maji ya ziada: husukuma omo upande mara tu unapoukaribia. Lenga kidogo kuuelekea, na uingie kwa moto wa wastani.

## Matatizo ya loki

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na ndipo watu wanapofanya haraka.

Tezi imekwama juu ya kizingiti wakati wa kushuka. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha zege au mawe kinachochomoza ndani ya loki. Mstari mweupe ukutani unaonyesha mwisho wake. Ukishuka, tezi yote pamoja na usukani iwe mbele ya mstari huo hadi loki itakapokwisha maji. Boti ikianza kuinamia omo:

1. Piga kelele. Yeyote aliye kwenye vilango vya chini avifunge mara moja, vyote.
2. Vikishafungwa, fungua vilango vya juu kidogo kidogo, maji yarudi na kuinua tezi taratibu.
3. Aliye ndani atoke nje. Kama maji yameanza kuingia, watu wapande ngazi ya loki na kuiacha boti.

Usigeuze mpangilio huo. Ukifungua juu huku chini pako wazi, maji yatapita bila kuinua chochote.

Omo imenasa wakati wa kupanda, chini ya boriti ya mlango au kwenye jiwe la ukuta: kinyume chake. Funga vilango vya juu, fungua vya chini, shusha maji hadi ijinasue. Kinga za ubavuni, zile zinazoning'inizwa kuzuia boti isigongwe, zipandishwe kabla ya kuingia. Loki nyembamba ina upana wa takriban mita 2.13 na boti mita 2.08, hivyo kinga moja tu inatosha kukubana.

Loki haijai. Mara nyingi kilango cha chini hakikushuka hadi mwisho. Kagua vyote, pande zote mbili. Kama milango ya chini haikukutana vizuri, kuna kipande cha mti katikati: rudisha usawa wa maji wa chini, ifungue kidogo, ifunge tena ili maji yakisukume nje.

Mlango haufunguki. Maji hayajalingana pande mbili, hata kama macho yanakudanganya. Subiri, ukiuegemea kwa mgongo. Usiugonge kwa boti. Ukifunguka nusu na kusimama, kuna taka nyuma yake. Ivute kwa upondo.

Hendeli ya kilango imeponyoka na inazunguka yenyewe. Iache. Rudi nyuma. Mkono unaojaribu kuidaka huvunjika. Kinga yake ni kutoiacha hendeli kwenye ekseli hata kidogo na kuhakikisha kishikio cha meno kimeingia kabla ya kuachia.

Gia iliyovunjika, ukuta uliobomoka, mlango uliokosa kushikana: acha, usijaribu kutengeneza, wapigie Trust. Mtu akianguka ndani ya loki, funga vilango vyote, zima injini, na piga 999.

## Injini inachemka

Boti nyingi za aina hii hazivuti maji ya mfereji kupoza injini. Kulanti huzunguka ndani ya tangi bapa lililochomelewa ubavuni, na maji ya nje hulipoza. Kwa hiyo mshale wa joto ukipita 95 °C, anza na mzigo: je, rafadha imenasa kitu, au umekuwa ukipanda mto kinyume cha mkondo kwa moto mkubwa? Kisha fanibelti. Ikiwa imekatika, taa ya chaji itakuwa imewaka pia, na kwenye injini nyingi belti hiyo hiyo inazungusha pampu ya maji. Ukiibonyeza katikati, icheze takriban sentimita 1. Unga mweusi kuizunguka maana yake inateleza.

Kiwango cha kulanti kiangalie baada ya injini kupoa saa nzima. Kufungua kifuniko cha kulanti inayochemka ni kujiunguza uso kwa mvuke. Ongeza mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji. Ikiwa ubavu wa boti upande wa tangi ni baridi juu na moto chini, kuna hewa ndani. Ifungue skrubu ya kutolea hewa hadi kulanti itoke bila mapovu.

Kulanti ikipungua kila siku, au oili kwenye kijiti ikigeuka rangi ya maziwa, usiwashe tena. Huenda ni gasketi ya silinda hedi.

## Injini haiwaki

Anza na yale yanayochosha kuyataja: swichi kuu ya betri imewashwa? Mkono uko nyutro? Kifundo cha kuzimia kimerudishwa ndani? Halafu sikiliza.

Stata ikilia "tak" mara moja, betri ya stata imechoka au vichwa vyake vimeota kutu. Visafishe, vikaze. Stata ikizunguka vizuri bila moto kushika, pasha plagi za joto sekunde 15, jaribu tena, lakini usizungushe stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Bado? Ni dizeli. Tazama bakuli la chujio. Maji hukaa chini ya dizeli nyekundu kwa mstari unaoonekana. Yamwage hadi itoke dizeli tupu. Ute mweusi ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana, na husitawi kwenye joto. Badilisha chujio, kisha mpangie fundi asafishe tangi. Usiku wa Septemba ukianza kuwa na umande, tangi lililojaa halina nafasi ya unyevu kugeuka maji ndani, kwa hiyo lijaze.

## Taa zinafifia na friji inazima alfajiri

Septemba jua liko chini na siku ni fupi, hivyo paneli zilizotosha Juni hazitoshi tena. Pima betri za ndani zikiwa zimepumzika: volti 12.7 ni zimejaa, 12.2 ni karibu nusu, chini ya hapo unaziua. Injini ikiwaka mita inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Haipandi? Belti, au altaneta. Inapanda lakini betri haziwi na nguvu hata baada ya saa 4 za safari? Betri zimezeeka.

Ukiwa umeegesha, Trust hairuhusu kuwasha injini kwa ajili ya chaji kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi.

Betri iliyovimba, yenye joto au inayonuka yai bovu: kata chaji, fungua milango, usiwashe chochote chenye cheche, ita fundi.

## Maji ndani ya ngama

Wahenga walisema akwendae tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwenye boti kila kinachovuja huishia huko huko, chini kabisa ndani ya boti. Chanzo cha kawaida ni glandi ya shafti, yaani kizibo kinachozuia maji pale shafti inapotoka nje ya boti. Ile ya kamba na grisi inatakiwa kudondosha tone moja au mawili kwa dakika injini ikifanya kazi, na kukauka baada ya kuzungusha kikombe cha grisi jioni hadi kikaze. Ikidondoka mfululizo, kaza nati zake mbili robo mzunguko kila moja kwa usawa, kisha uiguse baada ya dakika 10 ukiwa umezima injini. Ikiwa moto, umekaza kupita kiasi.

Vyanzo vingine kwa mpangilio: kifuniko cha rafadha, mvua iliyopita kwenye sakafu ya nyuma, bomba la maji ya kunywa. Maji yakizidi kasi ya pampu, peleka boti kwenye maji mafupi, toa watu, piga simu. Ngama yenye dizeli au oili isipampuliwe mferejini kamwe.

## Maji ya bomba na choo

Pampu isiyonyamaza ina maana tangi tupu, au uvujaji. Inayoguruma mara moja moja usiku ni bomba linalodondosha. Maji yakija kwa kukohoa baada ya kujaza tangi, acha mabomba yote wazi hewa itoke. Choo cha kaseti (chenye kasha la taka la kuchomoa) kikigoma kuchomoka, kifuniko chake cha ndani hakijafungwa. Usikivute kwa nguvu. Choo cha tangi hakitaki kitu zaidi ya karatasi ya chooni.

## Kichwa kinauma, au kengele ya kaboni monoksidi inalia

Usiku wa kwanza wa baridi mtu huwasha jiko la kuni ambalo halijawashwa tangu Aprili. Bomba la moshi limejaa masizi, au ndege amejenga kiota ndani, na matundu ya hewa yamezibwa kwa magazeti kuzuia upepo. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Tangu 1 Aprili 2019 boti zenye sehemu ya kuishi zinatakiwa kuwa na kengele yake. Ibonyeze kitufe cha majaribio siku unapopokea boti.

Kabla ya moto wa kwanza, toa kifuniko cha bomba, lipitishe brashi hadi chini, safisha masizi juu ya bamba la ndani, na kagua kamba ya kuziba mlango wa jiko. Jiko la mkaa la kuchomea nyama, hata lililobaki majivu ya moto tu, lisiingizwe ndani kwa sababu yoyote, iwe mvua au baridi.

Kengele ikilia, au watu wawili wakiumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, toka kwanza. Usianze kutafuta chanzo. Hesabu watu ukingoni, piga 999, taja namba ya daraja.

Harufu ya gesi ni jambo jingine: propeni ni nzito kuliko hewa na hujikusanya ngamani. Usiguse swichi yoyote, wala ya kuzima wala ya kuwasha. Funga mtungi kwenye sanduku la omo, acha milango wazi, nenda mbali kabla ya kutumia simu. Mfumo huo afungue fundi aliyesajiliwa Gas Safe (rejista ya mafundi wa gesi wa Uingereza) mwenye kibali cha boti, na boti isilaliwe hadi aupime na kuuthibitisha.